Kiraka kwa Barua: Juu ya Kumrahisishia Mgeni Njia ya Kusahihisha Lugha Zetu katika Kompyuta

Utangulizi

Katika hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, ambayo hutunzwa na shirika la Unicode, yamo majina ya siku, ya miezi, ya nchi na ya sarafu katika mamia ya lugha. Programu za simu na za kompyuta huchota humo pasipo mtumiaji kujua. Dholuo imo, Kiluyia kimo, na Ekegusii nayo imo. Ziliingizwa karibu na mwaka 2010, wakati wa juhudi za kuzipatia lugha za Afrika data za msingi. Kazi hiyo yastahili shukrani. Lakini msomaji wa Dholuo akiipitia orodha ya miezi kama ilivyosambaa katika programu za miaka ya 2010, atakuta haya:

(1) mwezi wa kumi: Dwe mar Apar
mwezi wa kumi na moja: Dwe mar gi achiel
mwezi wa kumi na mbili: Dwe mar Apar gi ariyo

Dwe ni 'mwezi', mar ni kiunganishi cha umilikaji, apar ni 'kumi', gi ni 'na', achiel ni 'moja'. Basi mwezi wa kumi na moja umeitwa 'mwezi wa na moja'. Hili si kosa la mtu asiyejua lugha, kwani aliyeuandika mwezi wa kumi na mbili aliuandika sawasawa. Ni neno lililoanguka njiani, jambo ambalo sote tuliowahi kusoma prufu za jarida tunalifahamu. Tofauti ni kwamba prufu ya jarida ina mhariri anayejulikana, ofisi yenye mlango, na kalamu nyekundu. Neno lililoanguka ndani ya programu huigwa na programu nyingine, na hizo huigwa na nyingine, hata likaonekana kwenye kalenda ya simu ya mtu wa Kendu Bay ambaye hana habari lilitoka wapi.

Mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Kisumu angeweza kulitambua kosa hili. Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni lile linalofuata: akiisha kulitambua, afanye nini? Katika miradi kadha wa kadha mikubwa ya programu huria jibu ni kwamba aandike barua pepe ya namna maalumu, iliyobeba kile tutakachokiita kiraka. Barua hiyo ina kawaida zake za uandishi, na hizo ndizo zinazomshinda mgeni, zaidi ya ujuzi wa kompyuta wenyewe. Kwa kuwa ni kawaida za uandishi, tumeona zinatuhusu sisi wa idara za lugha, wala si wenzetu wa sayansi ya kompyuta peke yao.

Ni vema tukaeleza mapema, ili msomaji asipotoshwe, kwamba CLDR yenyewe haipokei masahihisho kwa barua za namna hii. Ina mfumo wake wa kupiga kura kwa misimu. Mfano (1) tunautumia kwa sababu unaonekana wazi na kwa sababu unatoka kwetu. Miradi ipokeayo viraka kwa barua ni mingine: kiini cha Linux, programu ya Git, na maktaba ya C ya GNU. Hii ya mwisho ina umuhimu wa pekee kwa msomaji wa jarida hili, kwa kuwa ndani yake yamo mafaili mawili ya Kiswahili, moja la Kenya, sw_KE, na moja la Tanzania, sw_TZ. Mtu atakaye kubadili nukta katika mojawapo, au kupeleka faili la lugha ambayo bado haimo, hana budi kuandika barua.

Kiraka ni nini

Istilahi hii hatukuibuni. Wengi wamekwisha kuitumia. Twaitetea tu. Zamani programu zilipoandikwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi au kwenye kadi, aliyetaka kusahihisha alibandika kipande cha karatasi juu ya matundu yaliyokosewa. Kwa hiyo kiraka kilikuwa kiraka hasa, chenye gundi. Kuna walio na rai kwamba pwani tungeweza kutumia kalafati, kwani fundi wa chombo huziba nyufa kwa pamba asivunje ubao. Rai hiyo inapendeza, lakini kalafati huziba tu, haibadilishi. Fundi wa soko la Kibuye anayetia kiraka katika suruali ya mtumba hufanya jambo lililo karibu zaidi na hili tunalolieleza: hashoni nguo upya, bali hukata kipande kidogo, huondoa nyuzi zilizochakaa, na kuuelekeza ukingo wa kiraka ufuatane na ufumaji wa nguo iliyopo. Ukingo usipofuatana, kiraka huvuta.

Umbo la kiraka cha kompyuta limekuwapo kwa nusu karne. Programu ya kulinganisha mafaili mawili na kuorodhesha tofauti zao ilitoka pamoja na mfumo wa Unix mwaka 1974. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iliyofanya kazi ya kinyume, yaani kuichukua orodha ya tofauti na kuitia ndani ya faili la mtu mwingine. Umbo hilo pia liliongezewa mistari michache ya jirani, juu na chini ya badiliko, ili mpokeaji ajue mahali penyewe hata kama faili lake limesogea kidogo. Kosa la mfano (1) lingesahihishwa hivi:

(2)
 Dwe mar Apar
-Dwe mar gi achiel
+Dwe mar Apar gi achiel
 Dwe mar Apar gi ariyo

Mstari wenye alama ya kutoa unaondoka. Wenye alama ya kujumlisha unaingia. Isiyo na alama ni majirani, nao ndio ukingo wa kiraka. Mpokeaji haamini kwa macho. Kompyuta yake hulinganisha majirani hao, herufi kwa herufi na nafasi kwa nafasi, na faili lililoko kwake. Ikiwa jirani mmoja ametofautiana hata kwa alama moja, kiraka chaweza kukataliwa.

Mtu akilielewa hilo, ameelewa nusu ya matatizo ya wageni. Sisi tumezoea barua ambayo maana yake hubaki hata karatasi ikikunjwa. Barua ya kiraka hufa ikikunjwa. Programu nyingi za kuandikia barua pepe hukata mistari mirefu, hugeuza nafasi za kichapo kuwa nafasi za kawaida, na hupamba maandishi kwa rangi na aina za herufi. Anwani za pamoja za kiini cha Linux hukataa kabisa barua iliyopambwa, na simu zetu hupamba barua bila kuulizwa.

Kwa lugha zetu lipo balaa jingine ambalo mwandishi wa Kiingereza halimpati mara nyingi. Kiswahili kina ng' ya ng'ombe na ng'ambo. Dholuo ina ng' ya Ang'wen, yaani 'nne', na ya majina kama Achieng'. Alama hii ya ritifaa yaweza kuandikwa kwa namna tatu ambazo machoni hazitofautiani sana: ritifaa iliyonyooka, alama ya kufungia nukuu iliyopinda, na herufi maalumu ambayo Unicode imeitenga kwa matumizi kama haya. Kwa kompyuta hizo ni alama tatu tofauti kabisa. Mtu huandika ritifaa iliyonyooka, simu yake huipinda ili ipendeze, na kiraka hukataliwa. Kiraka cha kwanza cha mwandishi wa makala haya, kilichopelekwa kwa mradi ambao hatutautaja, kilirudishwa kwa sababu hiyo hasa, na jibu lilikuwa maneno matatu yasiyoeleza lolote. Ilituchukua siku mbili kuona kwamba ng' yetu ilikuwa imepinda njiani.

Barua na adabu zake

Uandishi wa barua katika Kiswahili una adabu yake iliyokomaa. Barua huanza kwa salamu, hufuata kujuliana hali, kisha "ama baada ya salamu," ndipo jambo lenyewe. Wazungumzaji wa Dholuo nao hawaingii katika jambo kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Mgeni aliyelelewa hivyo huandika kiraka chake cha kwanza chini ya aya nzima ya salamu, maelezo ya yeye ni nani, anasoma wapi, na ombi la radhi endapo amekosea. Mpokeaji hana chuki na hayo, ila maneno yote yaliyo juu ya kiraka hunakiliwa na mashine katika kumbukumbu za kudumu za mradi. Salamu zikabaki humo milele, ilhali maelezo ya kwa nini badiliko lilihitajika hayamo.

Kawaida ni hii. Kichwa cha barua huanza na neno lionyeshalo kuwa ni kiraka, likiwa ndani ya mabano ya mraba; kikiwa ni toleo la pili au la tatu la kiraka kilekile, nambari ya toleo huonyeshwa humo. Hufuata sehemu ya programu inayoguswa, kisha sentensi moja fupi. Chini yake huja maelezo ya sababu, katika mistari isiyozidi takriban herufi 75. (Lugha iambishayo kama Kiswahili, ambamo neno moja laweza kuwa hatutawasahihishia, hujaza mstari upesi kuliko Kiingereza, lakini hilo ni la kando, kwani barua hizi karibu zote huandikwa kwa Kiingereza, na huo ni mzigo wa pili juu ya kichwa cha mgeni.) Baada ya maelezo huja saini, mstari wa vistari vitatu, na kiraka chenyewe. Salamu, ikiwa ni lazima, huwekwa chini ya vile vistari vitatu, mahali ambapo mashine huacha kunakili. Hivyo basi adabu ina nafasi yake, ila imehamia chini ya jambo.

Hapa kuna suala la kisarufi linalostahili kutazamwa. Miongozo ya Git na ya kiini cha Linux yote hutaka sentensi ya kichwa iwe katika hali ya kuamuru: Sahihisha jina la mwezi wa kumi na moja, wala si Nimesahihisha, wala si Kusahihisha. Wanafunzi wetu hulipinga jambo hili kwa nguvu. Katika Kiswahili amri tupu haielekezwi kwa mkubwa wala kwa mgeni. Tungesema usahihishe, au naomba usahihishe, tukiikimbilia hali ya dhamira ambayo hupunguza ukali. Mtu wa kwanza barazani amwambie mlezi wa programu "Sahihisha!"? Pingamizi ni la haki, lakini limejengwa juu ya kutomtambua anayeambiwa. Katika kichwa cha kiraka anayeamrishwa si mlezi, ni programu. Kiraka ni amri aliyopewa faili ibadilike hivi, naye mlezi ni shahidi anayeamua kama amri hiyo ipite. Tumegundua kwamba hali hii ikielezwa kwa lugha ya wanaisimu, yaani kwa kuuliza ni nani nafsi ya pili katika sentensi, wanafunzi huielewa mara moja. Ikielezwa kama sharti la wakubwa wa mradi, huifuata kwa kinyongo.

Jambo la kimya ni zito zaidi. Ustaarabu wa Kiswahili hutaka mgeni apige hodi mara tatu. Asipoitikiwa, aondoke bila kununa. Mgeni wa viraka hupeleka barua, hungoja siku tatu, haitikiwi, naye huondoka kwa adabu. Kumbe katika miradi hii kutoitikiwa si kukataliwa. Walezi hupokea barua nyingi mno, na kiraka kidogo cha mtu asiyejulikana huzama kwa urahisi. Miongozo ya kiini cha Linux husema jibu laweza kuchukua wiki mbili au tatu, na kwamba isipungue wiki moja kabla ya kukumbusha. Baada ya hapo aliyeleta kiraka hutarajiwa kukumbusha, tena na tena, kwa upole. Asiyekumbusha huhesabiwa kuwa ameghairi. Pande mbili zimekaa kila moja ikidhani mwenzake hataki, na neno apar linabaki limeanguka.

Kwa upande mwingine tusijifanye kwamba ukali wa majibu ni dhana tu ya mgeni. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux na baadaye, mwaka 2005, Git, aliomba radhi hadharani mnamo Septemba 2018 kwa namna alivyokuwa akiwajibu watu, akajitenga na kazi kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Mabadiliko hayo hayakumaliza ukali wote. Lakini yalikuwa maungamo kwamba lugha ya kujibiana ni sehemu ya kazi.

Saini na jina

Tangu mwaka 2004 kila kiraka cha Linux huambatana na mstari wa saini, ambao kwao mwandishi hutamka kwamba ana haki ya kukitoa. Maktaba ya C ya GNU ilikuwa na sharti zito zaidi: mchangiaji alitakiwa kuukabidhi wakfu wa programu huria wa Marekani, ulioko Boston, hakimiliki ya kazi yake kwa hati rasmi. Kwa mgeni, hati ya kisheria ni kizingiti kirefu. Mnamo Agosti 2021 maktaba hiyo iliruhusu saini fupi itumike badala ya hati. Katika mageuzi yote tunayoyajadili, hili ndilo lililokuwa rahisi kutekeleza na lenye manufaa ya haraka, nalo halikuhusu ufundi hata chembe.

Saini nayo ina utata wake wa jina. Kwa miaka mingi kiini cha Linux kilidai "jina halisi." Katika nchi ya Wajaluo mtu aweza kuwa na jina la ubatizo, jina la wakati wa kuzaliwa kama Otieno kwa aliyezaliwa usiku au Onyango kwa aliyezaliwa asubuhi, jina la jamaa aliyefariki, na jina la baba. Kitambulisho hubeba mpango mmoja wa majina hayo, akaunti ya chuo mwingine, na simu mwingine. Lipi ni halisi? Mwaka 2023 maneno hayo yalirekebishwa, na sasa hutakiwa utambulisho unaojulikana, pasipo kuruhusu mtu kujificha kabisa. Ushauri wetu ni kwamba mwanafunzi achague mpango mmoja wa majina na kuushika, kwani jina la saini lisipolingana na la mwandishi wa kiraka, baadhi ya mashine za ukaguzi hulalamika.

Milango iliyofunguliwa

Wako wasemao barua pepe iachwe kabisa, watu wote wahamie kwenye tovuti za kampuni ambako badiliko hupelekwa kwa kubofya. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Barua ina fadhila ambazo mtu wa ziwani huzijua. Kiraka huandaliwa Mfangano au Usenge umeme ukiwapo na mtandao usiwepo, na barua hungoja hadi mtandao upatikane. Hakuna kampuni inayoweza kumfungia mtu akaunti ikampotezea historia ya kazi yake. Majadiliano yote hubaki maandishi matupu, mepesi, yanayosomeka kwa kompyuta kuukuu. Kwa hiyo mlango ubaki ulipo, ila kizingiti kipunguzwe.

Mwaka 2018 Johannes Schindelin alianzisha GitGitGadget kwa ajili ya mradi wa Git. Mgeni hupeleka badiliko lake kupitia tovuti kwa namna aliyoizoea, na chombo hicho hulifanya kuwa barua zenye umbo sahihi na kuzituma. Kina kawaida moja inayotukumbusha nyumbani: mgeni wa kwanza huhitaji mtu aliyekwisha kuruhusiwa amkaribishe kwa neno moja. Mwaka 2019 mradi huohuo uliongeza mwongozo mrefu wa mchango wa kwanza, ambao humshika mgeni mkono tangu kupakua programu hadi kujibu wahakiki.

Tatizo la kutuma lenyewe lilizidi mwaka 2022. Mwezi Mei mwaka huo Google iliacha kuzikubali programu zinazoingia katika akaunti za Gmail kwa jina na neno la siri pekee. Anayetaka kutuma viraka kwa akaunti hiyo sasa huanza kwa kuweka uthibitisho wa hatua mbili, kisha hutengeneza neno la siri la pekee kwa ajili ya programu. Ulinzi huo una sababu zake, lakini mtu anayetumia kompyuta ya duka la mtandao katika barabara ya Oginga Odinga hukwama hapo, kabla hata ya kuandika neno moja la kiraka. Katika mwaka huohuo chombo kiitwacho b4, cha Konstantin Ryabitsev wa Linux Foundation, kilipata uwezo wa kukipokea kiraka kupitia wavuti, kuhakikisha saini ya mwandishi, na kukituma kwa niaba yake. Aliyezuiwa na posta akapata tarishi.

Maktaba ya C nayo ilifanya badiliko moja dogo tunalolipenda kuliko yote. Kwa miaka mingi mafaili yake ya lugha hayakuandikwa kwa herufi zinazosomeka. Kila herufi iliandikwa kwa nambari yake ya Unicode. Neno Machi lilikuwa hivi:

(3) <U004D><U0061><U0063><U0068><U0069>

Mwalimu wa Kiswahili angeweza kulitazama faili hilo saa nzima asijue kama ni Kiswahili. Sasa maneno hayo yameandikwa kwa herufi za kawaida. Aliyefanya hivyo hakuwa anawafikiria wasemaji wa Kiswahili hasa, lakini tangu siku hiyo mtu asiyejua kompyuta aliweza kulisoma faili la sw_KE na kusema: hapa pamekosewa.

Yanayoweza kufanywa na idara

Maseno, si mbali na Kisumu, pana ushahidi kwamba idara zetu haziko mbali na kazi hii. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Africa Nazarene, walikusanya Kencorpus, mkusanyo wa Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluyia, uliotangazwa mwaka 2022. Una matini 4,442 zenye maneno takriban milioni 5.6, na rekodi za sauti za takriban saa 177. Kabla yake, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT46 ya Sweden kilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Watu wapo, na data zipo. Kinachokosekana ni daraja dogo baina ya anayejua Dwe mar Apar gi achiel na faili linalosema vingine.

Git ina kawaida moja ambayo haijulikani sana nje ya waliozoea, nayo ingeweza kuwa daraja hilo. Mtu aweza kutuma kiraka cha mwingine. Akifanya hivyo, mstari wa kwanza ndani ya barua humtaja mwandishi wa kweli, na mashine humwandika huyo katika kumbukumbu. Aliyetuma huongeza saini yake chini ya saini ya mwandishi. Basi kompyuta moja ya idara, iliyopangwa mara moja na mtu ajuaye, na anwani moja ya barua, zatosha kwa darasa zima. Mwanafunzi wa Asembo aandike kiraka, mhadhiri akipitie kama apitiavyo insha, akitume, na jina litakalobaki ni la mwanafunzi. Mhadhiri ndiye atakayekumbusha baada ya wiki mbili, kazi ambayo vijana huionea haya. Kabla ya yote hayo, kila mmoja ajitumie kiraka mwenyewe, kisha ajaribu kukitia katika nakala yake ya faili. Ritifaa iliyopinda itafichuka hapo, mbele ya rafiki, badala ya mbele ya mlezi aliyeko ng'ambo.

Kuna sehemu ya kazi ambayo hakuna chombo kitakachotufanyia. Turudi kwenye mfano (1). Orodha ileile ina vifupisho vya herufi tatu: Abich, 'tano', imekuwa DAH, Abiriyo, 'saba', imekuwa DAO, Aboro, 'nane', imekuwa DAB. Kwa kuwa zote tatu huanza na ab, mtayarishaji alichukua herufi ya mwisho kwa mbili za kwanza na kuiachia ya tatu B, ili zisigongane. Ni busara. Lakini mwezi wa kumi na moja hufupishwa DGI, kifupisho kilichozaliwa na lile kosa, na wa kumi na mbili DAG, yaani Dwe, Apar, gi. Tukisharudisha apar katika mwezi wa kumi na moja, kifupisho chake kwa kanuni hiyohiyo nacho kingekuwa DAG. Ama DGI ibaki, ingawa asili yake ni kosa, ama miezi yote miwili ipewe vifupisho vipya, na kila programu iliyokwisha kuvizoea vile vya zamani isumbuke. Sisi twaelekea kwenye rai ya kwanza, kwa kuwa kifupisho hakisomwi kwa sauti. Mwenzetu mmoja mzungumzaji wa Dholuo ameipinga vikali. Kiraka cha jina kamili chaweza kutumwa leo. Cha kifupisho kingoje hadi wenye lugha wakubaliane.